Boti Lililotolewa Mahari

Boti lile halikuzama. Halikuungua, halikutekwa, wala halikuuzwa kama chuma chakavu. Lilitolewa mahari. Lililetwa Ziwa Tanganyika mwishoni mwa karne ya kumi na tisa, likiwa na injini ya mvuke, ili livue samaki kwa ustaarabu, na likaishia kuozesha wasichana wa milimani ambao wengi wao hawakuwahi kuliona ziwa. Mwezi uliopita nilibeba pande lake moja ndani ya mfuko wa saruji, juu ya pikipiki, nikiwa na amri moja tu: nisiliweke chini.

Ninyi mnaoniuliza ilikuwaje kila tukikutana msibani, someni hapa, tumalize. Habari za tiketi na nyumba za kulala wageni nimeziacha. Hakuna jipya, shuka zilikuwa fupi. Kwa asiyenijua vizuri: niliandika habari za bandari gazetini mpaka nikastaafu, na badala ya kufuga kuku kama wenzangu nikaamua kuandika kitabu kuhusu boti za mvuke za maziwa yetu. Kuku wangenipa mayai. Kitabu kimenipa safari hii.

Mwanza hadi Nyakanazi

Basi la saa kumi na mbili asubuhi liliondoka saa mbili kasorobo, na kondakta akatutangazia kuwa tumeondoka kwa wakati. Hakusema wakati wa nani. Jirani yangu alikuwa mwalimu mstaafu anayeshukia Geita, baba mwenye kofia ya sufu, aliyetaka kujua ninakwenda wapi, kufanya nini, na kama mume wangu amekubali. Nilimjibu mawili ya kwanza.

"Boti la kuvulia samaki," alirudia. "Kibondo."

"Kibondo na Kasulu."

"Dada yangu, kule hakuna ziwa."

"Najua."

"Kuna milima."

"Najua, mwalimu."

Akawa ananitazama pembeni kama mtu anayejiuliza kama nyumbani nimeaga. Kabla ya kushuka alininunulia mayai mawili ya kuchemsha, akaniwekea mapajani bila neno, kama mtu anavyompa mgonjwa.

Nikapata nafasi ya kusoma tena kurasa zangu tatu. Nilizinakili kwa mkono kutoka daftari la karani wa zamani, ambalo familia moja ya Ujiji hulitumia kuhifadhia risiti za umeme. Karani anasimulia kuwa alikuwepo Mzungu, ambaye jina lake hakuliandika au hakuliweza, aliyewaona wavuvi wakivua kwa mitumbwi na mienge akawaonea huruma. Akaagiza kwao boti la chuma. Lilifika pwani likiwa vipande, vipande vikapanda vichwani mwa watu, na watu wakatembea navyo nusu ya nchi hii mpaka ziwani. Karani ameorodhesha mizigo kwa uangalifu wa kusifiwa: mabati ya ubavuni, bomba la moshi, misumari ya ribiti ya kuunganishia mabati, kwa vikapu, na tangi la kuchemshia maji, ambalo halikubebeka kichwani likaburutwa juu ya magogo. Jina la mbebaji hata mmoja hakuandika. Labda karatasi ilikuwa haba.

Boti likaunganishwa ufukweni kwa ribiti, likawashwa moto, likaingia majini. Lilikula kuni kuliko jiko la harusi. Mngurumo wake uliwafukuza dagaa mpaka kwenye maji ya wavuvi wa mitumbwi, ambao waliwapokea kwa mikono miwili. Mwenye boti, anasema karani, aliwalaumu samaki. Baada ya misimu michache homa ikamwondoa, na boti likabaki mchangani, bomba likiwa limeinama, mbuzi wakilala ndani.

Ukurasa wa tatu ndio ulionipandisha basi. Karani anaeleza kwamba wahunzi wa Buha, upande wa Kibondo na Kasulu, walishuka kutoka milimani, wakalibandua boti bati kwa bati, wakapanda nalo kwenda kufua majembe. Na jembe milimani kule, siku zile, halikuwa la kulimia tu. Ndilo lililokuwa mahari. Ukitaka kujua boti hilo lilivua nini hasa katika maisha yake yote, jibu ni wakwe.

Nyakanazi hadi Kibondo

Nyakanazi basi lilibadilisha tairi, kisha likabadilisha tairi lililobadilishwa. Nikaingia mgahawani nikiwa na hamu ya maharage, maana ninakwenda nchi ya maharage. Mama mwenye mgahawa aliniuliza ninafuata nini huko juu. Nikamweleza, kwa ujinga wangu, kwamba ninafuata historia ya boti la uvuvi. Akatabasamu kama mtu aliyeelewa haja ya mgeni wake, akaniletea samaki. Alikuwa mkavu, mwenye chumvi ya kutosha familia mbili. Kosa hilo la kusema ukweli nililirudia kila nilipofika, na kila nilipofika nililishwa samaki, mbali na maji, na watu waliohangaika kumtafuta.

Kibondo basi lilisimama dakika ishirini. Mzee Laurenti alikuwa ameshafika stendi tangu asubuhi, amevaa koti la suti juu ya fulana, mkononi ana dumu dogo la asali. Tulikuwa hatujawahi kuonana. Alinisikia redioni nikizungumzia boti hilo, akatafuta namba yangu mpaka akaipata, akanipigia na kusema neno moja: "Njoo."

"Mwakeye, mama mwandishi," alinisalimu kwa salamu ya asubuhi ya Kiha, ingawa ilikuwa alasiri. "Pole na safari. Tukae, basi lako halina subira."

Nitafupisha alichonieleza, maana yeye hakufupisha. Bibi yake, mama wa baba yake, alitoka upande wa Burundi akaolewa Murungu, kijijini kwao Laurenti, na mahari yake ilikuwa jembe la chuma cha boti. Isuka, kwa Kiha. Isuka moja yenye matundu mawili ya ribiti, ambayo mhunzi alishindwa kuyafuta au hakutaka. Jembe lilikwenda kwa wazazi wa bibi, na ukoo wao, ambao baadaye ulihamia Kagerankanda huko Kasulu na sasa ni raia kama mimi na wewe, unalo mpaka leo.

"Kila mtu Murungu anajua," alisema.

"Kama kila mtu anajua, mimi wa nini?"

"Kila mtu anajua, isipokuwa Zabroni."

Zabroni ni mtoto wa baba yake mdogo, aliyezaliwa na mke mwingine wa babu, kwa hiyo ni nduguye. Anasema bibi hakuolewa, aliokotwa njiani akikimbia njaa, na hakuna jembe lililotoka. Kwa desturi yao, mtoto wa mwanamke asiyetolewa kitu si wa ukoo wa baba. Kwa hiyo baba yake Laurenti hakuwa wa ukoo, kwa hiyo Laurenti si wa ukoo, kwa hiyo shamba la bondeni ambalo hulima maharage na kabichi tangu ujana wake si lake. Ni bonde lisilokauka kiangazi, na Zabroni ana wana watano. Jumapili ukoo ungekaa kuamua.

"Wakisema hakuolewa, natoka," alisema Laurenti. "Nina miaka themanini kasoro. Niende wapi, mama? Nikaombe hema kambi ya wakimbizi?" Alicheka kidogo, mimi sikucheka.

Nikamuuliza kwa nini asiende mwenyewe Kagerankanda kulichukua. Akanishangaa.

"Mkwe haendi kuulizia jembe la mahari. Ukiuliza, umesema unamrudisha mke. Wewe ni wa nje. Unafuata boti lako. Hakuna ubaya."

Akanikabidhi dumu la asali niwapelekee wakwe, akanikumbusha lisimwagike. Basi likapiga honi. Nilipanda nikiwa nimekuja kutafuta chuma cha boti, na sasa nilikuwa mshenga wa ndoa iliyokwisha zamani.

Kibondo hadi Kasulu, kupitia Makere

Asali ilimwagika kabla hatujafika Makere. Basi nalo likaharibika palepale Makere, kwa hiyo walau nilipata muda wa kujipangusa. Dereva alifungua boneti, akaangalia ndani kwa huzuni, akaifunga. Hayo ndiyo matengenezo niliyoshuhudia kwa saa tatu.

Kandokando ya barabara watu wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu hufanya biashara, Wakongomani wengi wao. Nikaketi kwenye benchi la mama mmoja aliyeniambia anaitwa Mama Furaha, muuza dagaa wa kukaanga, ambao yeye aliwaita ndagala. Alikuwa na daftari la kwaya ya kanisa magotini na macho ya mtu aliyeona mabasi mengi yakifa mbele yake.

"Mama, we unatokaka wapi?"

"Mwanza. Ninafuatilia boti la zamani, la moshi."

"Ile bateau ya kukamata samaki?"

Kalamu ilikuwa mkononi kabla sijajua. "Unaijua?"

"Babu yangu alikuwa anaisema. Ile bateau ilikuwa ya kwetu, upande wa Congo. Bazungu banakuya nayo kwetu, ikawa inakimbiza samaki, banaitupa kwenu."

"Daftari langu linasema ilianzia upande wetu."

"Daftari iliandikwa na nani?"

"Karani wa upande wetu."

"Voilà," alisema, akageuza dagaa.

Alinipimia dagaa kwa kikombe, akaongeza kidogo kwa sababu nina shida ya bateau, na aliposikia kuwa chuma chenyewe kimegeuka mahari alifikiri kidogo, akasema basi ndiyo sababu wanawake wa huku ni wagumu. Wenzake wakacheka. Dereva akafungua boneti tena, akaangalia kwa huzuni tena, na basi likawaka. Kila mtu alimpongeza.

Kasulu hadi Kagerankanda

Kutoka Kasulu mjini nilichukua pikipiki. Dereva, Jofrey, baba wa watoto wanne, aliniambia barabara iko freshi. Barabara ilikuwa na mashimo yenye historia ndefu kuliko boti langu. Mvua ilitupata katikati, tukajibanza kwenye kibanda cha kukobolea mahindi pamoja na mbuzi watatu, mmoja wao akala ukurasa wangu wa pili, ule wenye orodha ya mizigo, labda kwa sababu ya asali. Ilikuwa nakala. Nakala pekee, lakini nakala.

Kwa Mama Skolastika, ambaye nilimpigia simu nikiwa njiani kumweleza haja yangu, walikuwa wanatusubiri. Ni mjane wa makamo, mjukuu wa kaka wa yule bibi, mwenye sauti ya kuongoza sala na mikono ya kuchimba mihogo. Nilipokewa kwa maji ya kunawa, kwa kiti chenye kitambaa, na bila shaka kwa samaki: mgebuka mzima aliyeagizwa Kigoma, aliyesafiri kwa basi, kisha kwa baiskeli, na ambaye safari ilikuwa imemchosha kuliko mimi. Pembeni, nje, watoto walikuwa wanakula maharage kwa mawese. Nilisikia harufu yake. Nikala mgebuka.

Asali iliyobaki niliikabidhi. Waliitazama, wakalitazama begi langu, wakapokea kwa heshima.

Kisha Mama Skolastika akaingia ndani akatoka na kitu kilichofunikwa kitenge kipya. Akakifunua.

Nilikuwa nimeliwaza jembe hilo tangu Kibondo. Nililiwaza jeusi, lililoliwa na kutu, lenye matundu mawili ya ribiti: ushahidi pekee duniani kwamba ukurasa wa tatu wa karani ni kweli, na ushahidi pekee wa Mzee Laurenti kwamba babu yake alikuwa na mke. Nililoonyeshwa liling'aa. Lilikuwa limesuguliwa, limenolewa makali, limepakwa rangi ya buluu ya milango.

"Matundu yako wapi?" niliuliza.

"Tumeyaziba," alisema kwa fahari. "Fundi wa kuchomelea alikuja na jenereta yake hadi hapa. Siku nzima."

"Kwa nini, mama?"

Akanitazama kwa upole, kama unavyomtazama mtu aliyelelewa mjini.

"Linakwenda kwa wakwe. Jembe halipelekwi kwa wakwe likiwa na tundu. Wangesema tumewatukana. Wangesema binti yetu alikuwa na kasoro."

Sikuweza kumlaumu. Alikuwa ametimiza desturi yote, kwa gharama na kwa upendo, na kwa kuitimiza alikuwa amefuta matundu yaliyolifanya jembe litafutwe. Palipokuwa na matundu palikuwa na vinundu viwili vya duara chini ya rangi, laini kama vipele vilivyopona. Nikapima umbali kati ya vinundu kwa kipande cha uzi, kwa kuwa mwandishi asiyejua la kufanya hupima.

"Sasa sikiliza, mwandishi," alisema Mama Skolastika akiliviringisha tena. "Sisi haturudishi mahari. Hili linakwenda kusalimia, kisha linarudi. Libaki mkononi mwako. Ukilikabidhi kwao, limerudi. Ukiliweka chini kwao, limerudi. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Yule ni shangazi wa wazazi wetu. Hatutaki aachike."

Kagerankanda hadi Murungu

Siwashauri kusafiri na kitu kisichowekwa chini. Amri ilihusu ardhi ya Murungu tu, lakini baada ya mambo ya asali sikujiamini, nikaamua nisiliweke chini popote. Nililikumbatia kwenye pikipiki, nikalikumbatia kwenye basi, nikala chapati Kasulu kwa mkono mmoja. Kuhusu choo cha stendi sitasema kitu, isipokuwa kwamba yule mama wa mlangoni aliyejitolea kunishikia mzigo alishangaa nilivyokataa.

"Ni dhahabu?" aliuliza.

"Ni jembe."

"Jembe jipya?"

"Jembe la zamani."

"Mbona buluu?"

Nikaingia nalo.

Kondakta wa basi la kurudi Kibondo alitaka liende kwenye buti. Nilipomweleza kwamba likienda kwenye buti, mwanamke mmoja aliyefariki anaweza kuachika, abiria waligeuza shingo, na baba mmoja wa nyuma akasema kwa sauti ya kawaida, "Mwache mama, jembe la mahari hilo." Kondakta naye akaelewa mara moja. Mimi ndiye niliyekuwa wa mwisho kuelewa nimebeba nini.

Murungu

Jumapili baada ya ibada ukoo ulikaa uani kwa Mzee Laurenti, chini ya upenu wa mabati, kwa kuwa manyunyu yalikuwa hayajaamua. Watu kama thelathini. Mwenye neno la mwisho alikuwa Shangazi Pudensiana, dada wa baba zao aliyebaki hai, mdogo wa mwili, aliyekaa kwenye mkeka na kusokota ukindu muda wote kana kwamba alikuja kwa kazi hiyo. Mzee Laurenti alivaa lile koti.

Zabroni nilimpenda, nakiri. Ana miaka sitini hivi, amewahi kuwa mtunza stoo, anazungumza vizuri.

"Karibu, mama mwandishi. Tumesikia unatafuta boti. Huku kwetu utapata baiskeli."

Watu wakacheka. Nikaonyesha jembe, nimelishika kwa mkono wa kushoto, kitenge kimefunuliwa. Minong'ono ikapita. Rangi ya buluu haikutusaidia.

"Una uhakika chuma hiki ni cha boti?"

"Sina."

Mzee Laurenti alinitazama. Sikuweza kusema vinginevyo. Ndiyo hasara ya kumwita mwandishi badala ya wakili.

"Matundu uliyaona?"

"Niliona yalipozibwa."

"Kwa hiyo umeona viraka."

"Viraka viwili."

"Hata suruali yangu ina viraka viwili, mama, na haijawahi kuvua samaki."

Kicheko kikawa kikubwa, na mimi nikacheka pia, kwa sababu sentensi ilikuwa nzuri. Hapo ndipo nilipokosea. Miaka yote ya gazetini imenifundisha jambo moja: sentensi nzuri huandikwa palepale, ukisubiri imepotea. Daftari lilikuwa begini, kalamu sikioni, na ili kufungua begi nilihitaji mikono miwili. Nikaliegemeza jembe kwenye kigoda. Likateleza. Sikulidaka, nilikuwa natafuta ukurasa mweupe. Nikaandika suruali, viraka, samaki. Nilipoinua macho hakuna aliyekuwa anacheka.

Jembe lilikuwa limelala kwenye udongo wa Murungu.

Zabroni alisimama taratibu, kama mtu aliyepewa zawadi asiyoiomba.

"Mmeona wote," alisema. "Sikumsukuma mtu. Jembe la mahari limerudi kwetu, limewekwa uani kwetu na mtu waliyemtuma wenyewe. Ndoa imevunjika. Bibi ameachika leo Jumapili."

Mzee Laurenti alifumba macho. Nilitaka kuinama niliokote. Mwanamke jirani yangu akanishika mkono. "Usiguse," alisema. "Utaongeza."

Shangazi Pudensiana hakuacha kusokota.

"Zabroni, mwanangu. Mimi masikio yangu mabovu. Sema tena."

Akasema tena, kwa furaha zaidi.

"Jembe la nini?"

"La mahari, shangazi."

"Limerudi kwa nani?"

"Kwetu."

"Lilikuwa limetoka kwa nani?"

Zabroni akalitazama jembe. Mtu mmoja nyuma akakohoa kikohozi ambacho hakikuwa cha ugonjwa.

"Nisaidie," aliendelea shangazi. "Jana ulisema huyu mama hakuolewa. Leo unasema ameachika. Mtu asiyeolewa anaachikaje? Nimeishi sana, sijawahi kumwona."

"Shangazi, nilikuwa na maana kwamba…"

"Mwandishi," alisema bila kunitazama. "Alivyosema, umeandika?"

"Nimeandika, shangazi."

"Soma."

Nikasoma, kuanzia jembe la mahari mpaka Jumapili. Nimesoma habari redioni na kwenye mikutano ya mawaziri. Sijawahi kusikilizwa vile. Nilipomaliza, Mzee Laurenti alikuwa amefumbua macho. Yaliyofuata yalichukua saa mbili, kwa Kiha cha haraka nilichotafsiriwa vipandevipande, lakini kiini ni hiki: ukoo ulikubali kwamba ndoa ilikuwepo, kwa ushahidi wa Zabroni mwenyewe. Baba yake Laurenti alizaliwa ndani ya ndoa. Laurenti ni wao.

Ningeishia hapo kama ningekuwa ninatunga. Lakini Zabroni si mtu wa kukaa chini mapema. Alisimama tena akauliza, kwa adabu zote, kama ndoa imevunjika leo, shamba la bondeni, ambalo babu alimpa bibi kama mkewe, ni la nani kuanzia kesho. Shangazi Pudensiana kwa mara ya kwanza aliacha kusokota. Akasema swali hilo ni zuri. Akasema pia kwamba amechoka.

Kuhusu boti, niwe mkweli kwenu: sina hakika. Uzi wangu wa kupimia umo kwenye bahasha, ila sina bati la kulilinganisha nalo, na orodha ya mizigo imeliwa. Fundi wa kuchomelea nilimpigia. Alisema anakumbuka matundu, yalikuwa mawili, labda matatu, na kwamba chuma kilikuwa kizuri, si cha siku hizi. Hiyo ndiyo sura nzima ya saba ya kitabu changu kwa sasa.

Jembe nililiacha Murungu, kwa kuwa hakuna aliyeniruhusu kuliinua. Laurenti akiliinua, amepokea talaka ya bibi yake. Zabroni akiliinua, amepokea mahari ambayo aliapa haikutoka. Mimi nikiliinua, hakuna anayejua ni nini, na Mama Skolastika, ambaye hunipigia kila Ijumaa kwa sauti ya kuongoza sala, anasema walinipa mimi, kwa hiyo nirudishe mimi. Wamelifunika beseni, juu ya beseni wameweka jiwe.

Juzi Mzee Laurenti alinipigia.

"Mvua imeshika," alisema. "Nimepanda maharage bondeni."

"Shamba lote?"

"Lote."

"Na Zabroni?"

"Naye amepanda."

"Wapi?"

"Palepale. Kati ya mistari yangu. Mbegu tulinunua duka moja."

Nikamuuliza shangazi anasemaje. Akasema shangazi amekwenda kwa binti yake Kakonko, atarudi mavuno. Maharage yameota yote.